Matundu ya Mabati ya Timau

Mama alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba zaidi ya miaka kumi kabla ya kunikabidhi mimi. Jioni ile ambayo baba alisimamisha lori kwenye kona iliyo juu ya nyumba yetu, akakaa kidogo, kisha akaondoka bila kuingia na asirudi tena, je, taa ya nyumba ilionekana kutoka barabarani au haikuonekana? Mama alisema aliiwasha na kuiweka mezani kama kawaida. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisema alitazama akaona giza tupu. Ukoo wa baba ulichukua neno la shangazi. Tangu hapo mama akawa, katika vinywa vya watu wa ukingo wetu wa kilima, yule mwanamke aliyemzimia mumewe taa.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Mume akitarajiwa kutoka safarini, mke aliyeacha nyumba gizani alihesabiwa kuwa amemfungia mlango. Kwa hiyo wanawake wa ukoo walipojipanga kupeleka viondo kwa wakwe siku za mahari, mama hakuwekwa mbele hata mara moja. Alitembea nyuma pamoja na wasichana, mtu mzima aliyezaa na kulea, kiondo cha ndizi mgongoni. Hakulalamika. Ila tukirudi nyumbani alivua viatu, akaketi, akasema, "Baba, mimi niliwasha taa."

Aliniita Baba kwa sababu mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu wa pili hupewa jina la baba yake mama. Sijui kama ni neno hilo lililonifanya nijione nina wajibu wa kuamua. Mtoto huambiwa, lakini baba huulizwa.

Mimi sikuwapo jioni hiyo. Nilikuwa bwenini, na nilipofika likizo nilikuta kila kitu kimekwisha kusemwa. Sijapenda kamwe habari za kusikia. Nimefundisha jiografia muda mrefu, na kila darasa nimeliambia kwamba mto hauko mahali fulani kwa sababu mtu kasema uko. Uko kwa sababu wewe mwenyewe umekwenda ukaloa miguu. Katika jambo hili sikuwa na mahali pa kuloa miguu. Baba alikuwa amehamia Kutus kwa mke mwingine, akafia huko kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza. Nyumba yenyewe nilikuwa nimeibomoa kwa mikono yangu nilipomjengea mama nyumba ya mawe, nikaona fahari kubwa siku ile, bila kufikiri kwamba nilikuwa navunja ushahidi.

Ilitokea katika miaka ya sabini kwamba mkuu wa shule niliyofundisha, karibu na mji wa Nyeri, alitaka mfano mdogo wa mandhari wa kuonyesha wazazi mwanzoni mwa muhula: mteremko, kijito, barabara, shamba na boma moja la zamani, vyote kwa kipimo sahihi. Nilichagua ukingo wetu. Nilijiambia kwamba niliuchagua kwa kuwa naujua. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Likizo ya mwisho wa mwaka nilibeba ubao wa futi nane kwa nne hadi sebuleni kwa mama, nikauweka juu ya meza mbili, nikaanza.

Kipimo kilikuwa futi ishirini kwa futi moja. Nilipima mawe ya msingi yaliyobaki, nikapima mteremko kwa kamba na timazi, nikapima umbali hadi kwenye kona ya barabara. Nyumba ikawa na urefu wa inchi kumi na nne. Kuta zake za asili zilikuwa za mabanzi, zile mbao za pembeni zinazotupwa kwenye kiwanda cha mbao zikiwa bado na gamba upande mmoja. Nilichonga vipande vya msonobari kwa wembe, kimoja kimoja, nikaviacha na gamba lake. Mbao mpya hudanganya kuhusu umri wa nyumba, kwa hiyo niliviloweka katika chai nzito, kisha katika siki iliyolazwa misumari ya kutu, vikatoka na ule ujivujivu wa mbao iliyokula jua na ukungu wa mlima. Chini ya kuta, kimo cha kidole kimoja kutoka ardhini, nilipaka udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, mahali ambapo maji ya paa huruka na kurudi ukutani. Juu ya mlango wa jikoni nilipaka masizi kwa brashi kavu.

Paa nililikata katika mkebe wa mafuta ya kupikia, nikalikunja mawimbi kwa kulibana kati ya safu mbili za sindano za kufumia sweta. Kutu niliipata kwa kukwaruza jembe la zamani, nikaichanganya na gundi. Mama alikuwa akipita na ndoo au ungo, akisimama, akitazama bila kugusa.

"Mlango ulikuwa unaburura chini upande huu," alisema siku moja.

"Una hakika?"

"Mguu wangu una hakika. Niliusukuma kwa mguu, mikono imejaa kuni."

Nikaushusha mlango upande ule. Hiyo niliikubali, kwa sababu kwenye jiwe la kizingiti kulikuwa na alama ya mviringo iliyokwaruzwa.

Taa ndiyo iliyonihangaisha. Nilikwenda Nanyuki kwa fundi wa redio, mzee wa Kiislamu mwenye duka karibu na mahali wanapokutania wauza ng'ombe, nikamwomba balbu ya tochi.

"Ya nini, Mwalimu?"

Nikamweleza nyumba ndogo, na kwamba taa ya mama ilikuwa koroboi, kile kitaa cha mkebe chenye utambi.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Tochi ni jua hilo! Utamulikia nyumba nzima mpaka panya wahame. Koroboi ni kitu maskini. Chukua hii." Alitoa balbu ndogo, ile inayoangazia namba za stesheni kwenye uso wa redio. "Hii inataka betri nne. Wewe ipe mbili tu. Ikae na njaa. Balbu ikiwa na njaa inakuwa nyekundu, kama koroboi yenyewe."

Nilimwuliza alijuaje kwamba betri mbili zingetosha. Hakunijibu kwa maneno. Aliunganisha waya palepale, akakunja viganja vyake juu ya balbu, nikachungulia ndani. Huo ni ushahidi ninaouheshimu.

Nilifunga balbu juu ya meza ndogo ya mbao ndani ya chumba, kwa kimo kilekile cha meza ya mama, nikapitisha waya chini ya ubao hadi kwenye swichi. Saa nne asubuhi nilitundika mablanketi kwenye madirisha ya sebule, nikafunga mlango, nikamwita mama. Niliwasha.

Mwanga ulitoka kila mahali. Ulitoka kati ya banzi na banzi, mistari mirefu myekundu, ukamwagika kwenye ua wa udongo na kwenye migomba niliyoitengeneza kwa karatasi. Mama alishika ukingo wa meza.

"Unaona, Baba! Unaona! Kama kanisa siku ya Krismasi!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Kipofu angeiona hiyo! Mwite shangazi yako. Mwite leo, kabla hajaenda sokoni."

Nilifurahi naye. Ninakiri kwamba nilifurahi haraka kuliko nilivyowaruhusu wanafunzi wangu kufurahi.

Shangazi alikuja baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkono usiokosa ugoro na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, chini yetu, nje ya mpaka wa ubao wangu. Kwa hiyo niliweka kiti mwisho wa chini wa ubao, mahali ambapo mlango wake ungekuwa kama ubao ungefika huko, nikamkalisha. Niliwasha.

Alitazama. Alivuta ugoro. Kisha akasema, "Na magazeti yako wapi?"

"Magazeti gani, Shangazi?"

"Ati magazeti gani! Mwalimu, wewe umesoma mpaka ukasahau kuta ulizojifunzia kusoma!"

Ilikuwa kweli. Ndani ya nyumba ile kuta zote zilibandikwa magazeti kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka kila mwaka, kuzuia upepo wa mlima. Herufi zangu za kwanza nilizisoma hapo, nimelala chali, kabla ya kwenda shule. Mama mwenyewe ndiye aliyeyabandika, na hakunikumbusha nilipokuwa najenga. Nilimtazama. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Yalikuwapo, wifi, au hayakuwapo?" shangazi aliuliza.

"Yalikuwapo," mama alisema.

Nilitumia siku mbili kubandika karatasi ndani ya kuta zile kwa kibano, nikapaka pembe zote rangi nyeusi zisivuje. Dirisha la mbao nililifunga, kwa maana wote wawili walikubaliana kwamba jioni za baridi lilifungwa. Nilipowasha tena, shangazi akiwa kitini kwake, nyumba ilisimama juu ya ubao kama jiwe. Ilinibidi kuinua kona ya paa kuhakikisha kwamba balbu haijaungua.

"Haya," shangazi alisema kwa upole ambao sikuutazamia. "Sasa hiyo ndiyo nyumba niliyoiona."

Mama alikwenda jikoni. Nilimsikia akipanga sufuria zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Sikujua la kufikiri. Ikiwa shangazi alisema kweli, basi mama alikuwa ananidanganya, au alikuwa amejidanganya kwa miaka yote hiyo. Na mama alikuwa mtu ambaye, akiazima kibaba cha chumvi, hurudisha kibaba na chembe. Nilimgeukia shangazi, nikamhoji kama ninavyomhoji mwanafunzi aliyeleta ramani ya kunakili.

"Ulisimama wapi jioni ile?"

"Mlangoni kwangu. Nilikuwa namwaga maji ya vyombo."

"Ulisikia lori?"

"Nililisikia likisimama kule juu kwenye kona. Halikupiga honi. Likakaa muda wa mtu kuvuta sigara moja. Nikatazama nyumbani kwenu nione kama wifi anatoka. Giza. Lori likaenda."

"Na yale maneno, kwamba baba alisema aliona nyumba giza akajua amefungiwa. Alikuambia wewe?"

"Yaliletwa na mtu kutoka Kenol."

"Mtu gani?"

"Mtu! Alikuwa na koti. Wewe unataka kila mtu awe na kitambulisho?"

"Aliyasikia kwa baba?"

"Aliyasikia kwa madereva."

Nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati. Upande mmoja niliandika alichokiona kwa macho: giza, kutoka chini, kwenye mlango wake. Upande wa pili niliandika alichokisikia, nikakikata kwa msalaba. Shangazi alitazama msalaba ule kama nimemkanyaga mguu. Lakini upande wa kwanza ulibaki, na upande wa kwanza ulikuwa unamhukumu mama. Niliketi mbele ya ile nyumba ndogo hadi chai ikapoa. Nilikuwa nimeijenga ili inijibu, nayo ikajibu, nami sikutaka jibu lake.

Siku iliyofuata mama alinituma bandani nimletee mayai. Hakutaka kuniona nikikaa. Banda la kuku lilikuwa nyuma ya nyumba ya mawe, la chini, na ilinibidi kuinama. Jua lilikuwa utosini. Nilipiga goti juu ya majani makavu, nikaona mkononi mwangu, juu ya yai, doa la jua la duara. Kulikuwa na jingine begani, na mengine kwenye mgongo wa kuku aliyeatamia, yamepangwa safu kwa safu kama vifungo.

Nilitazama juu. Ndipo nikakumbuka kwamba paa la banda lile nililiezeka mimi mwenyewe, kwa mabati niliyoyashusha kutoka nyumba ya zamani.

Hayakuwa mabati mapya hata yalipofika kwetu. Baba alikuwa dereva wa lori la ngano huko Timau, na mmoja wa walowezi alipouza shamba na kuondoka, ghala lake lilivunjwa. Baba akapata mabati yake akayaleta nyumbani chini ya magunia. Wanawake wa kikundi cha mama, wale waliokuwa wakiezekeana nyumba kwa zamu, ndio waliomsaidia kuyapandisha. Mabati yaliyokwisha kupigwa misumari mara moja huwa na matundu yake, na matundu hayo hayaangukii kwenye boriti mpya. Huzibwa kwa lami. Baba aliyaziba kwa mkono wake, akiwa juu ya paa na kopo la lami lililochemshwa. Hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Lami hukauka, jua huipasua, nayo hudondoka. Kutu nayo hula kingo za tundu, hata punje ya maharagwe ingepita.

Hayo yote nilikuwa nimeyasahau, au nilikuwa nimechagua kuyasahau. Nilikuwa mwalimu. Nilipotengeneza paa la mkebe nililipaka kutu ya heshima, kutu ya bati lililonunuliwa dukani likazeeka polepole mahali pake. Sikutaka wazazi wa wanafunzi waone mabati ya kuokota.

Nilirudi ndani bila mayai.

"Mama. Mwaka ule, paa lilikuwa linavuja?"

"Lilivuja daima."

"Nataka mwaka ule."

Alifikiri, ungo magotini. "Masika ya mwaka ule nilihamisha kitanda. Niliweka sufuria tatu na beseni la kunawia. Beseni lilikuwa pale karibu na meza, nikawa nakula nikisikia ti, ti, ti." Aliniangalia. "Mayai yako wapi?"

Nilirudi bandani na penseli, nikachora bati kwa bati, tundu kwa tundu: yaliyo wazi, na yaliyobaki na lami. Sikuweza kujua ni lami ipi ilidondoka kabla ya jioni ile na ni ipi ilidondoka baadaye. Nililiandika hilo pia, kwa kuwa ni kweli. Kwa hiyo kwenye paa la mkebe nilitoboa yale tu ambayo sufuria tatu na beseni moja za mama ziliyashuhudia, mawili au matatu juu ya kila chombo, kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, na mengine nikayaacha.

Jumapili baada ya ibada shangazi alikuja tena, safari hii akinung'unika kwamba nyumba imegeuka sinema. Nilitundika mablanketi. Nilimkalisha kitini kwake, ng'ambo ya kijito, nikawasha.

"Giza," alisema. "Ulitaka niseme nini kingine?"

"Hukudanganya, Shangazi. Sasa njoo huku."

Nilimshika mkono tukazunguka ubao hadi mwisho wa juu, kwenye kona ya barabara. Pale ardhi iko juu ya nyumba. Mtu aliye barabarani hutazama chini na kuliona paa lote, wala haoni ukuta. Niliweka kiti, nikaweka mto juu ya kiti, ili jicho lake lifike kimo cha jicho la dereva wa lori.

Juu ya paa jeusi kulikuwa na chembe nyekundu, nane au tisa, nyingine zikionekana na kupotea kila aliposogeza kichwa.

"Ni nini hizo?"

"Ni matundu ya misumari. Mabati ya Timau."

"Yaliyoletwa na ndugu yangu."

"Ndiyo."

"Na taa ni ileile? Hukuongeza betri?"

"Ni ileile. Ukirudi kule chini utaona giza."

Alirudi. Mwanamke yule mzee, kwa fimbo yake, alikwenda chini akaketi, akainuka, akapanda juu akaketi tena, kisha akashuka mara ya pili. Sikumsaidia. Nilikuwa nikiona mtu anayeloa miguu, na katika maisha yangu ya ualimu sijamheshimu mwanafunzi yeyote kuliko nilivyomheshimu yeye dakika zile. Hatimaye alisimama mbele ya mama, aliyekuwa karibu na mlango muda wote huo, mikono ndani ya shuka.

"Wifi," alisema, "taa uliiwasha."

"Niliiwasha," mama alisema.

"Nitawaambia. Kwa mdomo huuhuu."

Nilijawa na ile raha ya hesabu iliyotoka sawa. Mashahidi wawili waliopingana walikuwa wote wakweli. Kilichowatenganisha ni mteremko. Nilifungua mdomo nianze kueleza jambo la pembe na urefu, na shangazi akaniwahi.

"Basi aliiona," alisema, si kwa yeyote.

Ilinichukua muda, mimi niliyesoma kuliko wote waliokuwa mle ndani, kuelewa nilichokuwa nimekithibitisha. Baba alisimamisha lori mahali pekee kwenye ukingo ule ambapo taa ya mama ilionekana. Matundu yale aliyajua moja baada ya jingine. Aliyaziba yeye mwenyewe. Aliketi pale muda wa sigara moja akitazama nyumba yenye taa, na mke aliyekuwa macho, kisha akatia gia.

Kwa miaka yote ile mama alikuwa amelaumiwa kwa giza. Lakini ndani ya lawama ile mlikuwa na mume aliyetaka kuingia, akadhani amefungiwa. Huyo nilikuwa nimemwondoa kwa sindano.

"Ngoja nione," mama alisema.

Alikuja kwenye kiti cha barabarani. Aliondoa mto, kwa sababu ulimfanya awe juu mno, kisha akaurudisha. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kuingia ukungu, akawa anaelekeza jingine. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna hakika kamili. Kwamba lami huenda ilikuwa imeshika zaidi ya tulivyodhani. Kwamba huenda ukungu wa mlima ulishuka, au kioo cha lori kilikuwa kichafu. Yote hayo yangewezekana. Hakuna hata moja nililokuwa na ushahidi wake, nikayaacha.

"Kumbe hapa ndipo alipokuwa," alisema. Baadaye akasema, "Zima, Baba. Betri zitaisha."

Shangazi alitimiza neno lake. Siku ya mahari iliyofuata, alimshika mama mkono hadharani, akamweka mbele ya wanawake wote, akatangaza kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde kwamba yeye ndiye aliyekosea, kwamba taa iliwashwa. Zaidi ya hapo hakueleza, wala hapana aliyemwuliza. Mama alitembea mbele, kiondo mgongoni, shingo imenyooka. Nilikuwa nyuma na wanaume, na ingawa nilinyoosha shingo yangu mara nyingi, sikuweza kuuona uso wake.

Lakini asubuhi iliyofuata baada ya Jumapili ile ya mablanketi, kabla ya mahari hayo, nilitoka nje nikamkuta mama bandani. Alikuwa amesimama juu ya kigoda nje, kando ya paa, kipande cha sabuni ya kufulia mkononi. Alikata sabuni kwa ukucha, akaifinyanga, akaisukuma kwenye tundu la bati, akalainisha kwa kidole gumba. Kisha tundu lililofuata. Kuku walikuwa wamemzunguka wakidhani kuna chakula.

"Mama, unafanya nini?"

"Kuku wananyeshewa."

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu tufunge shule. Nilitazama mbingu, iliyokuwa safi hadi kileleni mwa mlima, nikamtazama yeye. Mabati yale yalikuwa ndiyo ushahidi wote niliokuwa nao duniani, na mchoro wangu wa penseli bila mabati yenyewe ungekuwa neno la mtu tu, kama neno lolote. Nilikuwa karibu kumwambia hivyo.

"Yale ya katikati siyafikii," alisema. "Panda wewe."

Alishuka, akanipa sabuni. Nilipanda. Sikujua kama alikuwa ananishukuru au ananiadhibu, na hadi leo, nikiwa mzee kumzidi alivyokuwa siku ile, sijui. Niliziba moja baada ya jingine, naye akawa chini akichungulia mlangoni mwa banda, akinielekeza kwa kidole kila palipobaki doa la jua kwenye majani, mpaka banda likawa giza.